Mpira wa Baiskeli Juu ya Goti

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani. Nilishukuru, nikapiga picha nimeikumbatia, lakini moyoni nilikuwa najiuliza: mtu umeshamwambia asije tena kazini, saa unampa ya nini? Sasa iko sebuleni kwangu Namawala, inakwenda mbele kidogo, na mimi siirekebishi. Siku hiyo hiyo, katikati ya keki na hotuba, vijana wa chumba cha vidonda na dripu walinishika mkono wakasema, "Mama, tuandikie basi, hata kurasa chache, usiondoke na vyote." Nikawaambia nitaona. Magoti yananiuma, shambani siendi, wajukuu wako shule. Basi naandika. Anayetafuta humu habari za vyeo na mishahara aache mapema, maana vyeo vilipita mbali na mlango wetu, na mishahara mnaijua wenyewe.

Niliingia kazini Ifakara nikiwa msichana mwembamba wa Namawala, kijiji ambacho mbu wake wamechunguzwa kuliko watu wake. Nilitaka wodi ya wazazi. Kila msichana alitaka huko, kwa sababu mtu akitoka huko anatoka na mtoto na ndugu wanakuletea soda. Matroni akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani akasema, "Wewe hunuki hofu. Nenda vidonda." Nikaenda, machozi yako karibu, na ndiko nilikozeekea.

Kule nilimkuta Sista Ksaveria, mtawa wa Kipogoro kutoka Mahenge, mfupi, mwenye mikono mikubwa ya kiume. Hakunionyesha kidonda chochote asubuhi ile. Alinikalisha kukata na kukunja chachi mpaka vidole vikafa ganzi, halafu akaja kukagua, akazitupa nusu. "Uzi unaning'inia," alisema. "Uzi huu utabaki ndani ya mtu." Siku ya pili akaniruhusu kusimama nyuma yake. Siku hiyo nikajifunza sheria yake ya kwanza: msalimie mwenye kidonda kabla hujakisalimia kidonda. Baada ya salamu inafuata pua, unusie kabla hujafungua. Halafu unaweka mgongo wa mkono, upime joto. Macho ndiyo ya mwisho. Alisema macho yana haraka, yanamaliza kuamua kabla wengine hawajaingia mkutanoni.

Kuhusu vidonda vya saratani alinifundisha jambo moja ambalo vitabu vilinieleza miaka mingi baadaye. Alikuja bibi mmoja mwenye uvimbe wa ziwa uliopasuka, na muuguzi mwenzangu wa zamu akaivuta ile chachi ikiwa kavu. Wee! Damu iliyotoka pale sijawahi kuiona kwa mtu aliyekatwa panga. Sista Ksaveria akamsogeza yule binti kwa kiwiko, akaweka kiganja chake juu, akakandamiza, akatulia hivyo midomo ikitembea kwenye rozari kimyakimya. Damu ilipokoma akasema, "Mshipa wa Mungu ukikatwa unajikunja, unajifunga. Hii si ya Mungu. Hii uvimbe umejijengea wenyewe, na umejenga hovyo." Tangu siku hiyo chachi iliyoganda nailowesha kwa maji ya chumvi, nasubiri, nalowesha tena. Mgonjwa akiuliza mbona nachelewa namwambia chachi haivutwi, inabembelezwa.

Baadaye sana, Sista Ksaveria akiwa ameshazikwa, hospitali yetu ilianza kutoa dripu za saratani kwa maelekezo ya wakubwa wa Dar es Salaam, ili wagonjwa wa bondeni wasiuze ng'ombe na mashamba kwa nauli. Wakanipa mimi chumba cha dripu hizo. Dawa tuliyoitumia sana ni ile nyekundu, nyekundu kweli, kama juisi ya rozela. Vijana, naomba mrudie hili mpaka mchoke: dawa nyekundu haingii mshipani mpaka umepitisha maji kwanza na umeona kwa macho yako kwamba yanapita. Ikimwagika nje ya mshipa inaunguza nyama mpaka mfupa. Usichome mgongo wa kiganja kwa sababu tu mshipa unaonekana. Na mwambie mgonjwa mapema kwamba mkojo wake utakuwa mwekundu, la sivyo atatoroka usiku akijua umemuua. Mmoja alitoroka, Msukuma wa watu, tukamkuta stendi amekaa juu ya begi lake anasubiri basi la alfajiri.

Daktari wetu alikuwa Daktari Edwin. Kijana bado, mwembamba, amerudi kutoka masomoni na madeni na miwani. Alikuwa na tabia ya kuchora. Akimweleza mgonjwa, anachana boksi la glovu, anachora upande wa ndani. Mimi nilipenda, na wagonjwa walipenda zaidi, maana kwa kawaida daktari anaandika kitu usichokisoma na kukufukuza. Ni yeye aliyenieleza kile ambacho Sista Ksaveria alikijua kwa kiganja: kwamba uvimbe ukiwa mdogo kama punje ya mpunga hauna mishipa, unaishi kwa kudokoa. Ukitaka kukua lazima uite damu. Unatoa ishara, na mishipa ya jirani inaota matawi kuufuata. Ndiyo maana unakuta uvimbe una joto, unadunda chini ya mkono kama una moyo wake.

Sasa niwape habari ya Leonsi, maana ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Leonsi alikuwa mkulima wa mpunga wa Mbingu, mtu wa miaka arobaini na ushei, mcheshi. Alikuja na uvimbe nyuma ya mguu wa kulia, kwenye kigimbi, mkubwa kama ngumi, umejaa chale za mganga aliyejaribu kabla yetu. Alikuja na mkewe Rozina na kaka yake mkubwa, Damiani, ambaye watu walimwita Baba Fausta. Huyu Baba Fausta ndiye aliyepanga zamu za maji katika mfereji wa kijiji chao, ule unaoshuka kutoka milimani. Mtu wa maneno machache, kofia mkononi. Kinyama kilikatwa kikapelekwa Dar, majibu yakaja: saratani ya nyama. Daktari Edwin akawaeleza njia mbili. Ya kwanza, kukata mguu juu ya goti mara moja. Ya pili, kutoa dripu ya dawa nyekundu kila baada ya wiki tatu, uvimbe ukisinyaa uondolewe peke yake, mguu ubaki.

"Nikate mkono, Daktari," Leonsi akasema. "Mikono ninayo miwili."

"Na miguu unayo miwili," nikamwambia.

"Sista, wewe ni mtoto wa Namawala, usiniangushe. Kwenye tope hakuna mguu mmoja. Mwenye mguu mmoja kwenye jaruba ni mti tu, atasimama hapo mpaka wamng'oe."

Tulicheka, lakini Rozina hakucheka. Alikuwa na watoto wanne, na palizi nyumbani kwake ilikuwa ya watu wawili. Basi wakachagua dripu. Tangu siku ile sote pale chumbani tulikuwa na kazi moja, kuubakisha mguu wa Leonsi.

Dripu ya kwanza ilifanya kazi. Nasema hivi kwa herufi kubwa, kwa sababu kuna watu baadaye walijifanya hawakumbuki. Leonsi alirudi baada ya wiki tatu kichwa kipara, midomo ina vidonda, na anacheka. Suruali ambayo ilikuwa imekataa kupita kwenye kigimbi ilipita. "Sista, tazama! Imepita bila kuomba hodi!" Rozina akapiga kigelegele palepale mlangoni, wagonjwa wa foleni wakageuka. Niliweka mgongo wa mkono wangu: joto limepungua, kudunda kumekuwa kwa mbali. Nikaenda stoo kuchukua dawa ya pili.

Haikuwepo.

Dawa ilikuwa inatoka mjini, na mtu wa kuidhinisha itoke alikuwa safarini, kwenye semina. Aliporudi, masika ikawa imeshika na lori likalala kwenye tope. Kila nikipiga simu najibiwa, "Ipo njiani, mama." Maneno hayo mawili nimeyasikia kuliko jina langu. Ipo njiani! Njia gani hiyo isiyo na mwisho? Leonsi alikuja, akarudi. Alikuja tena, akarudi. Safari ya tatu alilala kwa shemeji yake pale Ifakara ili asikose, na alikuwa ananiletea mahindi ya kuchoma kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Ule uvimbe haukuwa na semina wala lori. Ulirudi mkubwa kuliko mwanzo, ngozi inang'aa, mishipa imetokeza juu kama mizizi ya mti wa njiani.

Ndipo Daktari Edwin akawaita wote watatu, akachana boksi la glovu, akachora. Nilikuwepo. Alichora uvimbe, akachora mishipa inayoingia. Akasema, "Hivi ndivyo ulivyo. Umejichimbia mifereji yake, unaiba damu. Dawa yetu nayo inapita humohumo, hakuna njia nyingine. Uvimbe ni chembe nyingi, kama watu wa kijiji; dawa iliua wale wa pembeni. Wa katikati, ambao mifereji haiwafikii vizuri, hawakuinywa. Sasa tulipokaa muda mrefu bila dozi, hao waliobaki ndio waliozaana, na wao ni wagumu. Huu si uvimbe ule wa mwanzo tena."

Baba Fausta alikuwa ameutazama ule mchoro muda wote. Akauliza, "Daktari, ukiifunga hiyo mifereji, huo uvimbe si unakufa?"

"Ndiyo wazo lenyewe, baba. Wenzetu wa nje wanazo dawa za kuifunga. Sisi hapa hatuna."

"Hamna."

"Hatuna, baba."

Baba Fausta akavaa kofia yake. Mtu aliyegawa maji tangu ujana wake, aliyejua kuua magugu ya jaruba zima bila kugusa jembe, kwa kufungua na kufunga tu, alikuwa ameelezwa ugonjwa wa mdogo wake kwa lugha yake mwenyewe. Simlaumu Daktari Edwin. Alisema kweli tupu. Hakuna kati yetu aliyemuuliza yule mzee anakwenda kufanya nini na kweli hiyo.

Dawa ikaja hatimaye, tukampa dripu ya pili. Wiki tatu baadaye Leonsi aliingia akichechemea, kavaa suruali ndefu nzito na jua la Ifakara mnalijua. Aliikunja mpaka chini ya goti tu. Nikaweka mgongo wa mkono. Uvimbe ulikuwa umepoa. Haudundi. Leonsi ananitazama usoni kama mtoto anayesubiri alama. "Umepoa, eh?" akasema. "Umepoa," nikamwambia, na nikafurahi, tukampa dripu ya tatu. Lakini Daktari Edwin aliubonyeza, akaubonyeza tena. Nje akaniambia, "Umepoa, ila haujasinyaa. Sijawahi kuona hivi."

Leonsi aliporudi tena nilimsalimia kwanza, kama nilivyofundishwa, halafu pua ikaniambia. Kuna harufu ya nyama iliyokufa, mkishaijua hamtaisahau. Nikamwambia avue suruali.

"Naikunja, Sista."

"Vua."

"Aa, Sista, sijavaa vizuri ndani."

"Leonsi, nimeosha makalio ya wazee wa wilaya nzima. Vua suruali."

Akavua. Juu ya goti palikuwa na duara limezama, jeusi, ngozi imekuwa laini inang'aa, haina nywele hata moja, kama shingo ya ng'ombe aliyefungwa kamba miaka. Chini ya duara mguu wote umebadilika rangi. Katikati ya uvimbe pameoza. Nilikaa kwenye kiti cha mgonjwa. Rozina akaanza kulia kabla sijauliza, na ndiye aliyesema: ni mpira wa baiskeli. Kila jioni shemeji yake, Baba Fausta, anakuja, anamfunga Leonsi juu ya goti, kama wanavyofunga mtu aliyeumwa na nyoka, anakaza mpaka vidole vinapoa. Usiku kucha. Alfajiri anakuja kulegeza. Siku ya hospitali wanaufungua njiani, na wakirudi nyumbani wanaufunga tena jioni ileile.

Nilimwita Baba Fausta ndani. Nilikuwa na hasira, sifichi. "Umefanya nini, Baba Fausta? Umefanya nini na mguu wa ndugu yako?"

Hakukana wala hakuinama. "Mlisema unaiba maji," akajibu. "Mlisema ukifungiwa unakufa, na kwamba dawa ya kufungia hamna. Sisi mpira tunao." Halafu akaongeza, sauti imeshuka, "Na ulikuwa unapoa, Sista. Wewe mwenyewe ulisema umepoa."

Ni kweli, nilisema. Nikamuuliza polepole, "Na dawa yetu, baba, ulitaka ipite wapi?"

Aliangalia chini kwenye mguu, akaangalia chupa ya dripu iliyokuwa imening'inia tupu kutoka kwa mgonjwa wa asubuhi, akaufuata mpira wa ile dripu kwa macho mpaka chini. Nilimwona akielewa. Mtu wa maji hahitaji kuelezwa mara mbili: alifunga mlango wa magugu na mlango wa mpunga kwa mkono mmoja. Akatoka nje akaenda kukaa kwenye ukuta wa mabomba, kofia mkononi, mpaka jioni.

Daktari Edwin hakumgombeza. Alinieleza mimi kando kwamba uvimbe uliokatiwa hewa haukubali kufa wote. Wanaobaki wanajifunza kuishi na kiu, wanakuwa sugu kuliko sugu, na wengine wanahama kutafuta kwingine. Picha ya kifua ikaonyesha walikohamia. Mguu ukakatwa hata hivyo, kwa sababu ya kuoza, juu ya lile duara. Leonsi alipozinduka aliuliza kwanza mguu umezikwa wapi. Nikamwambia umezikwa vizuri. "Basi nimetangulia kidogo," akasema, akajaribu kucheka, kikohozi kikamkatiza.

Aliishi mpaka mpunga ulipoanza kutoa masuke. Alikaa kwenye kigoda ukingoni mwa jaruba, anawapigia kelele wanaopalilia, hivyo ndivyo Rozina alivyoniambia. Nilikwenda mazishini. Na pale, kwenye jamvi, mzee mmoja akatikisa kichwa akasema ile methali: sikio la kufa halisikii dawa. Watu wote wakaitikia. Mimi nikainuka nikaenda kusaidia jikoni, maana ningebaki ningetukana msibani. Sikio la Leonsi lilikuwa linasikia vizuri sana! Tuliliona likisikia, suruali ilipita. Dawa ndiyo haikuja kusema. Nimeichukia methali hiyo tangu siku ile, na ninyi msije mkaitumia mbele yangu.

Miaka michache kabla sijastaafu na mimi nikapelekwa semina. Mjini, hoteli ina viyoyozi, wenye baridi tunajifunika khanga. Mtaalamu kijana akatuonyesha kwenye ukuta picha za rangi za dawa mpya zinazofunga mishipa ya uvimbe. Akasema mwanzoni watu walishangilia, kumbe kuna tatizo: ukiifunga sana, dawa nyingine nazo hazifiki ndani, na uvimbe ukikosa hewa unakuwa sugu na kusambaa. Alisema wamelijua hilo kwa utafiti wa gharama kubwa na wa miaka mingi. Nikacheka kwa sauti, peke yangu. Akaniuliza, "Mama, kuna swali?" Nikasema lipo: dawa hizo zitafika Ifakara lini? Akasema hilo liko nje ya mada ya leo. Tukaenda kula pilau. Nyama ilikuwa ngumu, nayo.

Baada ya Leonsi niliongeza sheria moja juu ya zile za Sista Ksaveria, na kama mtatupa kurasa zote hizi bakini na hii. Ukishamweleza mtu ugonjwa wake, hata kama umeeleza vizuri, hasa kama umeeleza vizuri, usimruhusu ainuke kabla hujamuuliza: "Sasa ukirudi nyumbani utafanya nini?" Halafu nyamaza, msikilize mpaka mwisho. Mmoja aliniambia atakwenda kumpunguzia mkewe chakula ili uvimbe ufe njaa. Mwingine alitaka kumkanda mama yake kwa maji ya moto sana ili mishipa iungue. Hawakuwa wajinga hata kidogo, walikuwa wametusikiliza.

Mwezi uliopita nilikuwa nje napepeta mchele, nikasikia kengele ya baiskeli. Alikuwa Baba Fausta, ametoka Mbingu alfajiri kwa baiskeli, mzee yule, amelowa jasho mpaka mgongoni. Amekonda. Alisema alisikia nimestaafu, amekuja kunipa pole na hongera pamoja, akanipa kuku. Nikampa maji, nikampa kiti. Tukaongea habari za watoto wa marehemu. Rozina aliwapeleka kwa wazazi wake Kiberege; jaruba analilima yeye Baba Fausta, na kila mavuno anawafikishia mpunga wao.

"Sista," akasema, "kuna kitu nataka kukuuliza, na sasa huna kazi ya kulinda. Niambie ukweli. Nisingemfunga, mguu ungebaki?"

Nilitaka kumwambia hapana. Ingekuwa rahisi, angelala. Nilitaka vilevile kumwambia ndiyo, maana bado nina hasira, sikatai. Lakini dozi ya pili ilikuwa imeshachelewa kabla hajagusa mpira wowote, na wale wagumu walikuwa wameshazaana. Nani ajuaye?

"Sijui, Baba Fausta," nikamwambia. "Hakuna anayejua."

Alitikisa kichwa taratibu. Hakulia, lakini alichukua muda mrefu kumaliza yale maji. Alipoinuka, mazoea yakanitoka mdomoni bila kufikiri. Nikamuuliza, "Sasa ukirudi nyumbani utafanya nini?"

"Zamu ya jaruba la Leonsi ni jioni hii," akasema. "Nawahi kufungua maji."

Nilisimama barabarani nikamtazama akipanda, mguu mmoja, halafu mwingine, mpaka kona ikamchukua. Nilikuwa nimemchukia mtu huyu kwa miaka. Lakini yule wa kuidhinisha hajawahi kuniuliza mguu wa Leonsi uliishia wapi. Waliosema ipo njiani hawajawahi kuniuliza. Waliotulisha pilau hawajui hata kama kulikuwa na mguu. Aliyekuja kuuliza ni mmoja tu, na alikuja kwa baiskeli.